Kobalti ya nyota, kobalti ya Mutoshi

Nilipokuwa nyumbani Mutoshi wakati wa likizo, mdogo wangu, anayesoma mwaka wa sita wa sekondari, aliniletea makala ya utafiti wa astronomia aliyoipata kwenye simu. Hakuilipia chochote ila megabaiti. Tangu 1991 hazina ya arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg, hutoa makala za fizikia bure, na leo karibu kila utafiti mpya wa nyota hupita humo. Kilichomzuia ni Kiingereza: yeye husoma shuleni kwa Kifaransa na nyumbani huongea Kiswahili.

Makala ilihusu nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan. Mlipuko ulizaa nikeli 56, ambayo hugeuka kobalti 56 baada ya siku chache, nayo kobalti hiyo hugeuka chuma. Nishati itokayo hapo ndiyo iliyoyang'arisha masalia ya nyota kwa miezi mingi. Kasi ya mgeuko huo nikaieleza kwa istilahi ya vitabuni, “nusu-uhai”. Akaniangalia.

“Yaya, kobalti iko na uhai?”

Istilahi haina kosa. Kosa ni langu, kudhani kwamba inajieleza. Nikaanza upya. Una mifuko minane ya kobalti 56. Baada ya siku 77 hivi inabaki minne, baada ya 77 nyingine miwili; iliyopungua imekuwa chuma. Hapo akashtuka kweli: “Sasa ile ya baba mu mufuko nayo itaisha?”

Haitaisha. Kobalti iliyo katika mawe yetu ni 59. Kiini chake kina neutroni tatu zaidi, na hakigeuki. (Hata hiyo ilipikwa ndani ya nyota, kabla dunia haijakuwapo.) Nisingeulizwa, ningemwachia hofu ambayo makala haikuwa nayo.

Tangu 2010 wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaoandika Astrobites hufupisha makala kama hizi kwa ajili ya wanaoanza, na wenzao hufanya hivyo kwa Kihispania. Muhtasari wao haufuati sentensi za makala. Hutangulia kuuliza msomaji atakwama wapi, na swali hilo ni la watu wa lugha pia.

Wangu wa kwanza una kurasa mbili. “Nusu-uhai” nimeliweka baada ya mifuko. Sasa namtafuta mwanafizikia wa kunisahihisha.