Miti Mikongwe ya Gisenyi Baada ya Dhoruba

Wenyeji wa nchi za baridi hulalamikia theluji, ambayo kwa uzito wake huvunja matawi ya miti mikongwe. Walakini Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ufukoni mwa Ziwa Kivu katika kimo cha mita 1,460 hivi, huiona kwa mbali tu, zile asubuhi chache ambapo kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, huamka kimejitanda weupe, na kazi ya kuvunja imeachiwa dhoruba za masika na za vuli, zije na upepo wa ghafla, ama na mvua ya mawe, ama na mvua ya mfululizo inayolowesha udongo hata mizizi ikakosa pa kushika.

Dhoruba ikiisha kupita, aghalabu hutafutwa kijana hodari wa kupanda, akakwea na panga lake na kuukata mti kichwa chote, kwa dhana ya kuwa mti mfupi hauna hatari. Dhana hiyo ni batili. Mti uliokatwa kichwa hupoteza majani, ambayo ndiyo jiko lake, na kwa dharura hiyo hutoa machipukizi mengi yaliyoshikwa na tabaka la juu tu la shina. Nayo hurefuka upesi, yakawa mazito, na baada ya miaka michache ndiyo yatakayoangukia bati. Kwa mkulima auvunaye mkaratusi kwa nguzo na kuni, wepesi wake wa kuchipua kisikini ni neema. Mkaratusi ulio kando ya nyumba ni shauri jingine.

Alex Shigo, mtaalamu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aichunguze ndani, alibainisha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi jeraha kama mwili wa mnyama, bali hulizungushia ukuta, kisha ukaota tabaka jipya juu yake. Kwa hiyo mahali pa kukata pana maana kubwa. Mahali tawi linapotokea shinani pana uvimbe mdogo wa duara, na msumeno sharti upite nje tu ya uvimbe huo: uvimbe ukikatwa, kinga ya mti imebomolewa, kikiachwa kigutu kirefu, kitaoza na kukaribisha kuvu na mchwa. Tawi zito halikatwi kwa mkupuo mmoja, maana likianguka litachuna gome la shina hata chini. Mkato wa kwanza hupigwa upande wa chini, mbali kidogo na shina, usifike katikati. Wa pili hupigwa juu, mbele zaidi ya ule wa kwanza, hata tawi lidondoke. Ndipo wa tatu uondoe kigutu. Kupaka lami juu ya jeraha, ada ya mafundi wa zamani, hakuzuii kuoza.

Tawi lililovunjika likabaki limening'inia ndilo la kuondolewa kwanza, na asipite mtu chini yake. Lililogusa waya ni la wenye umeme peke yao. Mparachichi uliopoteza kivuli chake upakwe chokaa shinani, kwani jua la karibu na Ikweta huunguza gome lisilozoea. Yaliyosalia yaweza kungoja kiangazi cha Juni, wala isiondolewe zaidi ya robo ya majani yaliyobaki.

Mti uliopasuka shina hadi chini, au uliong'oka mizizi upande mmoja, huo ukatwe bila huruma, isipokuwa kwamba kwenye miteremko ya Rubavu, wilaya ulipo mji huu, ambako Mto Sebeya ulifurika Mei 2023 na kubomoa nyumba nyingi, kisiki kiachwe ardhini kishike udongo, na mche mwingine upandwe kando yake kabla hakijaoza.