Tomcat na Maktaba za SOAP: Kweli au Uongo?

SOAP imetangaziwa kifo mara nyingi, lakini bado kuna mifumo ya benki na bima inayoongea kwa njia hiyo tu. Anayetumwa kuunganisha mfumo wake na hiyo mara nyingi anayo Apache Tomcat, na ushauri wa kila aina anaoupata kwa wenzake.

"Tomcat ni seva ya Java, kwa hiyo SOAP imo tayari." Uongo. Tomcat inaendesha servleti, JSP, WebSocket na vitu vichache zaidi. JAX-WS, yaani API ya Java ya huduma za SOAP, haimo, na wepesi wa Tomcat unatokana na kuacha mambo ya namna hiyo nje. Anayetaka kukuta kila kitu kimeshafungwa achukue TomEE Plus, ambayo ni Tomcat hiyohiyo ikiwa na CXF ndani. Wengine tunaleta maktaba wenyewe: Metro, Apache CXF au Axis2.

"Java yenyewe inayo." Iliwahi kuwa kweli. JAX-WS iliingia na Java 6 mwaka 2006, na Java 11 ikaiondoa kabisa Septemba 2018, pamoja na JAXB. Tena hata enzi hizo ilimtosha anayeita huduma ya mwingine. Aliyetaka kutoa huduma yake ndani ya Tomcat kwa kutumia Metro alihitaji klasi ya WSServlet, ambayo haikuwamo kwenye JDK.

"Tupia jar zote kwenye folda ya lib ya Tomcat, programu zote zitazitumia." Zitazitumia kweli, na hapo ndipo tabu ilipo. Ushauri huu haukutoka hewani: Metro ilikuwa ikija na skripti ya Ant, metro-on-tomcat.xml, iliyofanya kazi ya kuingiza maktaba kwenye Tomcat. Lakini ukipandisha toleo kwa ajili ya programu moja, umezigusa zote. Na siku ukihamia Tomcat mpya, nani atakumbuka kuwa kulikuwa na jar za ziada? Ziweke WEB-INF/lib. Kwa kawaida Tomcat hutafuta klasi ndani ya programu kwanza, ndipo iende kwenye lib yake, kwa hiyo programu mbili zinaweza kukaa seva moja na matoleo mawili ya CXF bila kugombana. Isipokuwa jar ya servleti zenyewe: hiyo usiifunge kwenye WAR, maana Tomcat inayo yake. Kwenye Maven iandike provided.

"Chukua toleo jipya la kila kitu, utakuwa salama." Uongo, na huu ndio unaokula siku za watu. Oracle ilipoikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, haikutoa ruhusa ya kuendeleza vifurushi vyenye jina javax. Ikabidi jina libadilike, na tangu Tomcat 10 javax.servlet imekuwa jakarta.servlet. CXF 3 inatafuta jina la zamani. Ukiiweka juu ya Tomcat 10, inakwama na NoClassDefFoundError hata kama jar zote zipo. Kwa hiyo linganisha: Tomcat 9 na CXF 3 au JAX-WS RI 2.3 (kiini cha Metro), Tomcat 10.1 na CXF 4 au RI 4.0. Na CXF 4 haikubali Java iliyo chini ya 17.

"Basi WAR ya zamani haiingii Tomcat 10 mpaka iandikwe upya." Uongo. Tengeneza folda iitwayo webapps-javaee kando ya webapps, uiweke humo. Tomcat itabadilisha majina ya servleti yenyewe na kuweka nakala iliyogeuzwa kwenye webapps. Mimi ningeichukulia kama daraja la muda, si makazi.

"Ukipata 404 kwenye WSDL, umekosea anwani." Mara nyingine. Lakini kabla ya kuhangaika na anwani, hakikisha programu imewaka. Ikishindwa kuwaka, Tomcat hujibu 404 kana kwamba haijawahi kuwepo. Usiishie kwenye catalina.out, kwani huenda ikasema tu kwamba listener mojawapo imeshindwa kuanza. Fungua faili la logi linaloanza na localhost, lenye tarehe ya leo. Ukikuta ClassNotFoundException ikifuatiwa na WSServletContextListener, anwani haina kosa: jar za Metro hazimo ndani ya WAR.