Taa za Onyo Katika Gari la Umeme

Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwezi wa Desemba 2010, sasa limo pia katika barabara za Nairobi. Wenye magari hayo hawana budi kuzielewa taa za dashibodi, kwani asiyezielewa aweza kuuziwa betri kubwa ya gharama, ilhali iliyochoka ni ndogo.

Gari hili lina betri mbili. Kubwa huliendesha; ndogo, ya volti 12, huziamsha kompyuta zake. Ndogo inapodhoofika, kompyuta hizo hukosa umeme wa kutosha, na taa nyingi huwaka kwa pamoja, kana kwamba gari zima limeharibika. Basi na ipimwe kwanza. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyo njema huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12, imekaribia kuisha.

Taa ya kobe huarifu kwamba nguvu imepunguzwa, aghalabu kwa kuwa chaji inakwisha. Taa nyekundu ya breki, ikiwaka ilhali breki ya kuegeshea imeachiliwa, ni amri ya kusimama mahali pa salama.

Aidha, nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme unaozidi volti 300, nao huua. Asiziguse mtu asiyefunzwa, hata gari likiwa limezimwa. Ni wajibu wa kila mwenye gereji kuwafunza mafundi wake kabla ya kulipokea gari la aina hiyo. Fedha iliyopotea hutafutwa; uhai haurudi.