Faili Moja, Mikono Miwili

Mgonjwa wa kisukari ameketi mbele ya dirisha la dawa. Maabara inaingiza kiwango chake cha sukari. Wakati huohuo mfamasia anabadili dozi ya insulini. Wote wanaandika katika faili moja ya kompyuta. Ni lazima mmoja angoje, na anayempanga foleni ni kufuli ambalo programu ya hifadhidata huomba kwa mfumo endeshi.

Hapo ndipo mifumo inapotofautiana. Katika Windows kufuli ni amri: sehemu iliyofungwa haiguswi na programu nyingine yoyote. Pengine hata programu ya kinga dhidi ya virusi, inapokagua faili, huizuia hifadhidata yenyewe. Katika Linux, kufuli la kawaida ni makubaliano tu. Programu isiyouliza hupita na kuandika. Tena lina kasoro ya ajabu: programu iliyofungua faili ileile mara mbili, ikiifunga mara moja tu, hupoteza makufuli yote iliyokuwa nayo juu yake.

SQLite, hifadhidata iliyotoka mwaka 2000 na iliyomo katika simu za Android, imetenga kazi zote za faili katika tabaka lake: namna moja kwa Windows, nyingine kwa jamii ya Unix. Kwenye Windows, ikizuiliwa, hungoja kidogo na kujaribu tena. Kwenye Linux, huchelewesha kufunga faili hadi makufuli yake yaishe.

Lakini ustadi huo hautoshi faili ikiwekwa katika folda ya pamoja ya mtandao, kama vituo vidogo vinavyopenda kufanya kwa kuwa ni rahisi. Makufuli ya mtandaoni mara nyingi hayaaminiki. Wawili wanaweza kuandika pamoja na faili ikaharibika, pamoja na dozi iliyomo. Kwa matumizi hayo inafaa seva moja iguse faili peke yake, kama MySQL inayotumiwa na OpenMRS, mfumo ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006.

Hata seva ina mtego wake. Katika Windows, MySQL huyaona majina ya majedwali “Mgonjwa” na “mgonjwa” kuwa kitu kimoja; katika Linux, kwa mpangilio wa kawaida, ni mawili. Kituo kikihama na skrini ikadai jedwali halipo, fundi achunguze kwanza herufi kubwa na ndogo, kabla mtu hajaanza kuwasajili wagonjwa upya.