Northern Dancer: farasi mfupi aliyekosa mnunuzi kwa dola 25 000

Mwaka wa 1962, karibu na mji wa Toronto huko Kanada, matajiri walipita mbele ya mtoto wa farasi wa rangi ya kahawia, mwenye alama nyeupe iliyopinda usoni na miguu mitatu yenye kuwa nyeupe chini. Walimuangalia miguu na mgongo, wakasoma karatasi ya ukoo wake, kisha wakaendelea na njia yao. Bei yake ilikuwa dola 25 000. Hata mtu mmoja hakutoa feza. Karatasi ilikuwa nzuri sana, lakini farasi mwenyewe alikuwa mfupi na mnene, na hao watu walikuwa wanatafuta farasi mrefu.

Mwenye kumuuza, Edward Plunket Taylor, alikuwa tajiri mwenye viwanda vya bia. Kila mwaka alikuwa na desturi yake: anaandika bei ya kila mtoto wa farasi aliyezaliwa kwake, anaita wanunuzi wachague, na nusu ikiisha kuuzwa anafunga soko na kubaki na wengine. Yule mfupi alibaki. Jina lake ni Northern Dancer, na leo ni vigumu kukuta farasi wa mbio, Ulaya, Amerika, Australia ao Japani, asiye na damu yake.

Ili kuelewa namna jambo hilo lilitokea, inafaa kwanza kujua karatasi ile inasema nini. Farasi wa mbio wa jamii ya Thoroughbred hakubaliwi kwenye viwanja vikubwa kama baba na mama yake hawajulikani. Waingereza walianza kuchapisha kitabu cha ukoo wao mwaka wa 1791. Ukifuata upande wa baba, baba ya baba, na kuendelea hivyo, kila mmoja wao anatoka kwa mmoja wa madume 3 tu yaliyoletwa Uingereza kutoka Mashariki, kati ya mwisho wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mmoja wa hayo matatu, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, huko Siria, akafika Uingereza mwaka wa 1704. Mpaka leo kupanda mbegu kwa sindano kunakatazwa: dume na jike wanapaswa kukutana wenyewe. Ndiyo maana mwenye dume mzuri anaweza kuomba bei anayotaka.

Upande wa baba, Northern Dancer alitoka katika nyumba ya wakubwa. Baba ya baba yake ni Nearco, aliyezaliwa Italia mwaka wa 1935 kwa mfugaji Federico Tesio. Nearco alikimbia mara 14 na kushinda mara 14. Mwaka wa 1938 aliuzwa Uingereza kwa pauni 60 000, na vita ilipoanza, mwenye kumununua alimujengea huko Newmarket pahali pa kujificha bomu. Farasi na handaki lake: ni watu wangapi wakati huo walikuwa na bahati kama hiyo?

Mwisho wa mwaka wa 1952, Taylor alimuagiza mjumbe wake amnunulie farasi jike bora katika mnada wa Newmarket. Jike huyo aliitwa Lady Angela, na alikuwa na mimba ya Nearco. Taylor alitia sharti moja: Lady Angela abaki Uingereza mpaka azae, apelekwe tena kwa Nearco, ndipo avuke bahari. Mwenye kumuuza ndiye alikuwa pia mwenye Nearco, na sharti hilo halikumfurahisha, lakini mwishoni alikubali. Mimba ya pili ndiyo ilifika Kanada. Ilizaliwa tarehe 11 mwezi wa pili mwaka wa 1954, ikapewa jina Nearctic.

Nearctic alikuwa na mbio kali na kichwa kigumu. Alishinda mara 21 katika mashindano 47, na mwaka wa 1958 alitajwa kuwa farasi wa mwaka nchini Kanada. Baadaye alirudishwa kwenye shamba la Taylor huko Oshawa ili kuzalisha.

Lakini hadithi yenyewe iko zaidi upande wa mama. Natalma alinunuliwa Saratoga, Marekani, mwaka wa 1958, akiwa bado mtoto, kwa dola 35 000. Kumbe mama aligharimu zaidi kuliko bei ambayo watu walikataa kulipa kwa ajili ya mwana. Baba yake ni Native Dancer, farasi wa rangi ya kijivu aliyependwa sana kwenye televisheni za Marekani, aliyeshinda mara 21 katika mbio 22. Moja tu aliyopoteza ni Kentucky Derby ya mwaka wa 1953. Mama ya Natalma, Almahmoud, hakuwa na sifa kubwa sana wakati huo, lakini kupitia binti yake mwingine ndiye babu wa kike wa Halo, ambaye mwana wake Sunday Silence alikuja kubadilisha ufugaji wote wa farasi wa Japani.

Natalma alikuwa na mbio, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi kuogopa. Mwaka wa 1959, huko Saratoga, alifika wa kwanza katika mbio kubwa ya majike wenye miaka 2. Katika mita za mwisho alipigwa fimbo, akakimbilia upande na kumzuia mwenzake, na waamuzi wakamshusha mpaka nafasi ya tatu. Tangu siku hiyo hakupenda tena kuingia kiwanjani. Mwalimu wake, Horatio Luro, mtu wa Argentina, alitumia uvumilivu mwingi ili kumurudisha polepole. Alipoanza kuwa sawa, katika miezi ya kwanza ya 1960, goti likaharibika: kipande kidogo cha mfupa kilikuwa kimevunjika. Na alikuwa anatayarishwa kwa ajili ya mbio kubwa ya majike huko Kentucky.

Hapo walipaswa kuchagua. Wangeweza kumpasua goti na kungojea miezi mingi, bila kujua kama atakimbia tena. Ao wangeweza kumurudisha nyumbani azae. Shida ilikuwa kalenda. Farasi wa mbio wanakutanishwa kuanzia mwezi wa pili mpaka karibu na mwezi wa sita, na wakati ulikuwa unaisha. Natalma alirudishwa Kanada, na dume aliyekuwa karibu ni Nearctic, aliyekuwa anaanza mwaka wake wa kwanza wa kuzalisha. Walikutanishwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Bila kile kipande cha mfupa, Natalma angekuwa bado kiwanjani.

Mimba ya farasi inachukua karibu miezi 11. Northern Dancer alizaliwa Oshawa tarehe 27 mwezi wa tano mwaka wa 1961, na hiyo tarehe ndiyo iliwadanganya wanunuzi. Kwa sheria ya mbio, farasi wote wa upande wa kaskazini mwa dunia wanatimiza mwaka siku moja, tarehe 1 mwezi wa kwanza, hata kama walizaliwa lini. Wafugaji wanafanya yote ili watoto wazaliwe mwezi wa pili ao wa tatu. Yeye alikuwa nyuma ya wenzake kwa miezi 3 ao 4, na kwa mtoto wa farasi hiyo ni tofauti kubwa: mwenzake anakuwa ameisha kuota mifupa na nyama, yeye bado ni mtoto. Wale matajiri hawakuwa wajinga. Walimlinganisha na majirani zake mstarini, wakaona ufupi. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ileile waliyoshika mkononi, lakini inaonekana hakuna aliyeipa uzito.

Ni kweli pia kwamba hakurefuka sana. Alipokomaa, kimo chake mabegani kilikuwa kama sentimita 157 hivi, na kwa farasi wa mbio hiyo ni kidogo. Lakini alikuwa na kifua kipana, makalio yenye nguvu, na hatua fupi za haraka sana.

Ukali wa baba ao woga wa mama, ao vyote viwili, vilionekana mapema. Alikuwa anarusha miguu, anaangusha waliompanda, hataki kushikwa. Luro alishauri ahasiwe, jambo la kawaida kwa farasi mkorofi: anatulia, na anaweza kukimbia miaka mingi. Taylor alikataa. Alikuwa ameweka miaka 10 na feza nyingi katika damu ile, toka Lady Angela mpaka Natalma, na hakutaka iishie hapo. Hiyo inahesabika kuwa mara ya pili farasi huyu kuponea chupuchupu. Mara ya kwanza ni pale sokoni, kwa sababu mnunuzi mwingine pengine angesikiliza mwalimu.

Alikimbia mara ya kwanza tarehe 2 mwezi wa munane mwaka wa 1963, huko Fort Erie, akipandwa na kijana aliyekuwa bado anajifunza kazi, Ron Turcotte. Alishinda na kuwaacha wenzake mbali. Mwaka huo alikimbia mara 9 na kushinda mara 7. Kisha ukwato wake mmoja ukapasuka. Fundi aliitwa kutoka Kalifornia ili kuuziba kwa mpira uliochomwa juu ya ule ufa, namna mtu anavyoziba tairi, na farasi akaendelea na mazoezi.

Mwaka wa 1964, kabla ya Kentucky Derby, Bill Shoemaker, mmoja wa wapanda-farasi wakubwa wa Marekani, aliyekuwa amekwisha kushinda mbio akiwa juu yake, alimuacha na kuchagua Hill Rise, farasi mrefu wa Kalifornia. Nafasi yake ilichukuliwa na Bill Hartack. Tarehe 2 mwezi wa tano, siku ya posho, Northern Dancer alitangulia, Hill Rise akamfuata kwa hatua zake ndefu, wakakaribiana mpaka kwenye mstari. Mfupi alishinda kwa urefu wa shingo. Saa ilionyesha dakika 2 kamili kwa zaidi kidogo ya mita 2 000. Hakuna farasi aliyekuwa amefanya hivyo katika Derby hiyo, na hakuna aliyezaliwa Kanada aliyekuwa ameishinda. Muda huo ulivunjwa mwaka wa 1973 na Secretariat, akipandwa na yule Turcotte wa Fort Erie.

Alishinda pia Preakness, akawa wa tatu katika Belmont, kisha akarudi nyumbani na kushinda Queen's Plate huko Toronto. Mji ulimpa heshima ya ufunguo wa mji, lakini ufunguo wenyewe ulichongwa katika karoti. Wiki chache baadaye, kano la mguu liliharibika, na mbio zikaisha. Alikuwa amekimbia mara 18, ameshinda mara 14, na hakuna hata siku moja alishuka chini ya nafasi ya tatu.

Alianza kuzalisha mwaka wa 1965 kwa dola 10 000 kila jike. Kati ya watoto wake wa kwanza, mmoja aliitwa Nijinsky, aliyezaliwa kwa Taylor mwaka wa 1967. Aliuzwa dola 84 000 na kupelekwa Ireland, na mwaka wa 1970 alishinda mbio 3 kubwa za Uingereza zinazohesabika pamoja; tangu hapo hakuna farasi mwingine aliyezishinda zote 3. Kuanzia siku hizo wafugaji wa Ireland na masheikh wa Ghuba walianza kugombania watoto wa Northern Dancer huko Kentucky. Katika miaka ya 1980 bei ya kumkutanisha na jike mmoja ilifika dola milioni 1, bila hakikisho kwamba mimba itashika.

Mwaka wa 1983, Sheikh Mohammed wa Dubai alinunua mtoto wake mmoja, Snaafi Dancer, kwa dola milioni 10,2. Farasi huyo hakukimbia hata mbio moja, na alipopelekwa kuzalisha, karibu hakuwa na uwezo wa uzazi. Karatasi yake ilikuwa nzuri kuliko ile iliyokataliwa kwa dola 25 000.

Northern Dancer alikufa tarehe 16 mwezi wa 11 mwaka wa 1990 huko Maryland, Marekani, na mwili wake ulirudishwa Oshawa kuzikwa. Mwana wake Sadler's Wells alikuwa ameanza kutawala ufugaji wa Ireland; huyo ni baba ya Galileo, na Galileo ni baba ya Frankel, aliyekimbia mara 14 bila kushindwa kama Nearco. Upande wa mama, Frankel anatoka kwa Danehill, ambaye baba ya baba yake ni Northern Dancer, na ambaye katika ukoo wa mama yake pia kuna Natalma. Jike mwenye goti bovu anapatikana mara nyingi katika karatasi moja.

Hilo sasa limekuwa shida. Mwaka wa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dublin waliotazama farasi zaidi ya 10 000 wa inchi mbalimbali walikuta jina la Northern Dancer katika ukoo wa 97 kwa 100 kati yao. Walionyesha pia kwamba ndoa za karibu-karibu zimeongezeka katika miaka 50 iliyopita. Wafugaji wanajua hatari yake: magonjwa ya kurithi, uzazi dhaifu. Lakini kitabu cha ukoo kimefungwa, damu ya nje haiingii, na mtu anayetafuta dume asiye na Northern Dancer anapaswa kutafuta muda mrefu, kisha kueleza wanunuzi kwa nini hana.