Ukame ulivyoileta chikungunya Lamu

Ukisikia "mlipuko wa maradhi" usidhani lazima wagonjwa wawe maelfu. Wataalamu wa afya huita mlipuko pale ugonjwa unapozidi kiwango kilichozoeleka mahali fulani kwa wakati fulani. Wagonjwa mia wa malaria msimu wa mvua huenda lisiwe jambo geni. Mgonjwa mmoja wa polio, katika nchi iliyokwisha kuimaliza polio, hutosha.

Sisi wa Pwani tuna mfano wetu wenyewe. Katikati ya mwaka 2004 watu wa Lamu walianza kuanguka kwa homa kali na maumivu ya viungo, mtu hata kusimama hawezi. Homa ikipanda huku kwetu kila mtu husema malaria. Vipimo vikaonyesha ni chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa mwaka huo huo ulikadiria kuwa watu 3 katika kila 4 mjini humo walikuwa wameambukizwa. Jina la ugonjwa huu ni la Kimakonde, kusini mwa Tanzania, ambako ulitambuliwa mara ya kwanza miaka ya 1952 na 1953. Lahusu kujikunja, kwa namna mgonjwa anavyopinda kwa maumivu.

La ajabu ni kuwa wakati ule kulikuwa na ukame. Tumezoea kuamini kwamba mbu huja na mvua, lakini mbu wa chikungunya, aitwaye Aedes, ana tabia zake. Hutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo, karibu na watu. Maji yakiadimika kila nyumba huweka akiba: mapipa, mitungi, matangi. Chombo kikikaa siku nyingi bila kufunikwa na bila kumwagwa, tumemjengea mbu nyumba. Naye huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Mbu huyo akimuuma mgonjwa siku za mwanzo za homa, hunyonya virusi pamoja na damu. Baada ya siku kadhaa virusi huwa vimeongezeka mwilini mwake, na hapo anaweza kumwambukiza mwengine. Mwenyewe haruki mbali. Anayevibeba virusi kutoka mji hadi mji ni binadamu, ndani ya basi au boti. Kabla ya 2004 kwisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka 2005 ukaingia Komoro, ukaendelea hadi visiwa vya Bahari Hindi na India. Mombasa iliupata tena mwishoni mwa 2017.

Kushikana mikono au kula sinia moja hakuambukizi. Kumkimbia mgonjwa ni kumdhulumu bure. Mlaze ndani ya chandarua hata mchana, mbu wasimfikie.

Kumwaga maji pekee hakutoshi. Mayai ya Aedes hunata ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu miezi mingi, yakisubiri maji. Sugua kila wiki, kisha funika. Wazee wetu waliweka samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi, na hilo bado lafanya kazi.

Chikungunya haina dawa yake maalumu. Mgonjwa hupewa maji kwa wingi, mapumziko na panadol. Brufen na aspirini ziacheni mpaka daktari athibitishe si dengi, kwani dengi huenezwa na mbu huyo huyo na dawa hizo zaweza kuzidisha kutoka damu.