Nywila Binafsi Zisihifadhiwe Kwenye Kompyuta ya Ofisi Inayofikiwa kwa Mbali

Kutoka Jiji la Dodoma hadi mji wa Kondoa ni takribani kilomita 160. Kompyuta ya mhasibu au afisa utumishi wa Kondoa inapopata hitilafu, njia ya haraka ya kumsaidia ni mtaalamu wa TEHAMA kuunganishwa nayo kwa mbali, akaiona skrini na kuiendesha akiwa mezani kwake Dodoma.

Utaratibu huo huokoa muda na gharama za safari. Hata hivyo, kufunga mlango wa ofisi pekee hakutoshi kuilinda kompyuta ambayo mtu aliye mbali anaweza kuiendesha.

Hatari kubwa imo katika kivinjari. Mtumishi anapokiruhusu kihifadhi nywila, usalama wake hutegemea akaunti aliyoifungua kwenye kompyuta hiyo. Akaunti ikiwa wazi, yeyote anayeidhibiti kompyuta kwa wakati huo anaweza kuingia katika mifumo iliyohifadhiwa humo bila kuulizwa nywila. Aidha, mwenye mamlaka ya usimamizi wa kompyuta anaweza kusakinisha programu inayonakili kila kitufe kinachobonyezwa.

Madhara yake si madogo. Kupitia mfumo wa ESS, mtumishi wa umma huomba likizo, uhamisho na hata mkopo. Nywila hiyo ikiangukia mikononi mwa mtu mwingine, maombi yanaweza kuwasilishwa kwa jina la mtumishi asiye na habari, na makato yakaangukia mshahara wake.

Ili kujikinga, mtumishi anashauriwa kutofungua akaunti za benki, barua pepe binafsi na mitandao ya kijamii kwenye kompyuta ya ofisi. Shughuli hizo zifanyike kwenye simu yake. Nywila zilizokwisha kuhifadhiwa katika kivinjari zifutwe, kisha zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine. Kila mfumo uwe na nywila yake, ndefu na isiyobeba jina wala mwaka wa kuzaliwa, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe pale unapopatikana.

Wakati wa kuhudumiwa kwa mbali, mtumishi athibitishe kwanza kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri yake kwamba anayeomba kuunganishwa anatambulika, afunge kurasa zote zisizohusika, abaki mbele ya skrini hadi kazi iishe na kuhakikisha muunganisho umekatwa. Mtaalamu wa kweli hahitaji kutajiwa nywila ya mtumishi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu. Pamoja na ulinzi huo wa kisheria, hatua ya kwanza inabaki kwa mtumishi mwenyewe: nywila ambayo haikuwekwa kwenye kompyuta ya ofisi haiwezi kuchukuliwa humo.